Okidi za Kitulo: namna ya kuziona, kuzitambua na kuziacha hai

Mwongozo huu ni wa mtu wa kawaida. Pengine unapanga kupanda Kitulo na familia msimu wa mvua. Pengine wewe ni mwalimu unayetaka kuwapeleka wanafunzi, au mkazi wa Makete, Rungwe au Mbeya ambaye maua haya yanaota pembezoni mwa shamba lako la viazi. Au umewahi kuona sokoni vijiazi vidogo vyenye udongo vikipimwa kwa debe, ukajiuliza ni nini. Wote mna la kufanya, na hakuna linalohitaji shahada ya botania.

Uwanda wa Kitulo uko Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, takribani mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, kati ya milima ya Kipengere, Uporoto na Livingstone. Wenyeji wanauita Bustani ya Mungu. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo ilitangazwa rasmi mwaka 2005 ikiwa na eneo la kilomita za mraba 412.9, na ndiyo hifadhi ya taifa ya kwanza katika Afrika ya tropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Nchi iliyozoea kuhesabu hifadhi zake kwa tembo na simba ilitenga ardhi kwa sababu ya maua. Mimi naona huo ni uamuzi mkubwa kuliko tunavyoupa sifa. Uwandani hapo kumeorodheshwa aina zipatazo 350 za mimea, na 45 kati yake ni okidi zinazoota ardhini. Hizo ndizo tunazozizungumzia hapa.

KWANZA, ELEWA MMEA ULIPO

Watu wengi wakisikia okidi wanafikiria ule mmea wa chungu unaouzwa mjini, wenye mizizi inayoning'inia hewani. Okidi za Kitulo ni za ukoo huohuo lakini maisha yake ni mengine. Zinaota katikati ya nyasi fupi na kwenye majimaji ya mabondeni. Mvua zikianza zinachipua, zinatoa majani na shina la maua, zinatoa mbegu, halafu kila kilicho juu ya ardhi kinanyauka. Ukipita Julai utaapa kwamba hapakuwahi kuwa na kitu. Mmea upo, umelala chini ukiwa kiazi.

Ukiweza kuuona mmea mmoja kwa chini (kwenye picha ya kitabu, tafadhali, si kwa jembe) utakuta viazi viwili vilivyokaa pamoja chini ya shina moja. Kimoja kimesinyaa, kina rangi ya kahawia, ukikibonyeza kinaingia ndani. Hicho ndicho kilicholisha ua unalolitazama, na kazi yake imekwisha. Cha pili ni kigumu, kimejaa, ngozi yake imenyooka. Hicho ni cha mwakani. Ni ghala la mmea, kama kihenge cha mahindi kilichojazwa kwa ajili ya msimu ujao.

Sasa fikiria mchimbaji anataka kipi. Anataka kilichojaa. Kile kilichosinyaa hakina faida kwake. Kwa hiyo kila kiazi kinachoingia kwenye gunia ni mmea ambao hautachipua tena.

Kuhusu mbegu, usijifariji haraka. Ganda moja la okidi lina maelfu ya mbegu, lakini kila mbegu ni ndogo kama vumbi na haina akiba ya chakula ndani yake. Punje ya maharage hubeba chakula cha mche wake. Mbegu ya okidi haibebi kitu. Ili iote, lazima iangukie mahali penye kuvu wa aina inayofaa, na kuvu huyo ndiye anayeilisha mpaka itoe majani yake yenyewe. Nyingi haziangukii mahali hapo. Zile chache zinazobahatika hukaa miaka kadhaa zikijenga kiazi kabla ya kutoa ua la kwanza.

Haya mawili, kiazi na kuvu, ndiyo sababu ya karibu kila agizo utakalolisoma hapa chini. Baridi ya kipupwe, umande unaoganda alfajiri, moto wa kiangazi unaopita juu ya nyasi: kiazi kinavistahimili. Jembe hakilistahimili.

KWA NINI ZINACHIMBWA

Ng'ambo ya mpaka, nchini Zambia, kuna chakula kinachoitwa chikanda. Viazi vya okidi hukaushwa, hutwangwa kuwa unga, huchanganywa na unga wa karanga, pilipili, chumvi na magadi, halafu hupikwa mpaka vishikamane. Kikipoa hukatwa vipande. Ni chakula cha zamani, cha heshima, na wanaokila hawana kosa lolote la kukipenda. Tatizo lilikuja pale kilipotoka kwenye chungu cha kijijini kikawa biashara ya mijini. Mbuga za huko zilipopungukiwa, wafanyabiashara walivuka kuja kwetu, na wanakijiji wa Nyanda za Juu Kusini wakapata soko la kitu ambacho wengi wao hawakuwa na desturi ya kukila.

Tathmini iliyochapishwa mwaka 2003 katika jarida la Oryx ilikadiria kuwa huenda hadi viazi milioni 4.1 vilikuwa vinasafirishwa kwa mwaka kutoka ukanda huu kwenda Zambia. Kila kimoja, kumbuka, ni mmea mzima. Zinazochimbwa zaidi ni za jenasi za Disa, Satyrium, Habenaria na Brachycorythis, na mchimbaji hachagui kati ya aina adimu na aina iliyozagaa. Akiona shina linalojulikana, anachimba.

KISANDUKU: SHERIA KWA UFUPI
- Ndani ya hifadhi ya taifa hairuhusiwi kuchuma, kung'oa wala kuchimba mmea wowote. Ua moja ni kosa, kiazi kimoja ni kosa.
- Okidi zote duniani zimo katika mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe wa porini; nyingi, zikiwamo hizi zetu, ziko kwenye Kiambatisho cha II. Kuvusha viazi vyake mpakani bila kibali ni kosa, hata kama vilichimbwa nje ya hifadhi.
- "Sikujua" haimwokoi mtu aliyekutwa na gunia.

KUPANGA SAFARI

Maua yanashamiri kati ya Desemba na Aprili, wakati wa mvua. Hakuna njia ya kukwepa hilo. Septemba hadi Novemba kuna jua zuri na kutembea ni raha, lakini maua ni machache. Juni hadi Agosti ni baridi na ukungu. Anayetaka okidi akubali kulowa.

Kuna njia kuu tatu. Ya kwanza ni kutoka Chimala, kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Tunduma, unapanda ukingo wa milima hadi Matamba kwa barabara maarufu ya kona hamsini na saba. Ya pili ni kutoka Mbeya kwa barabara ya Tukuyu, ukikata Isyonje. Ya tatu ni kutoka Njombe kupitia Makete. Zote zinateleza mvua zikikolea.

1. Wasiliana na ofisi ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, kabla ya kuondoka. Uliza hali ya barabara ya wiki hiyo, viwango vya kiingilio na namna ya kulipa. Maliza malipo ungali mahali penye mtandao wa uhakika.
2. Tumia gari linalovuta magurudumu yote manne na dereva aliyezoea matope. Kona za Chimala si mahali pa kujifunzia.
3. Omba mwongozaji au askari wa hifadhi atembee nawe. Si suala la usalama tu. Maua hayafunguki bonde zima kwa siku moja, na anayepita kila wiki ndiye anayejua bonde gani limefunguka.
4. Anza kutembea asubuhi. Mchana ngurumo zikianza, ondokeni kwenye uwanda ulio wazi mrudi kwenye gari. Uwandani Kitulo mtu aliyesimama ndiye mrefu kuliko vyote vinavyomzunguka, na radi haina huruma.
5. Panga siku mbili kama unaweza. Ukungu ukishuka siku ya kwanza, hutaona hata vidole vya miguu yako.

Vaa mabuti yanayozuia maji, soksi nzito, sweta na koti la mvua. Watu wa Dar wanafika huko na fulana na kandambili. Wanatetemeka mpaka safari inawatumbukia nyongo. Beba pia kikuzaji kidogo au lenzi ya mkononi. Kwa okidi, kikuzaji kina faida kuliko darubini, ingawa darubini nayo usiiache: uwandani kuna tandawala, na msimu wa mvua mbayuwayu wa buluu, ndege aliye hatarini, huja kuzaliana na kujenga kiota ndani ya mashimo ya ardhini. Ndiyo maana shimo lolote utakaloliona kwenye nyasi usilizibe wala kuingiza fimbo.

KUITAMBUA OKIDI

Kosa la mgeni ni kuita kila ua zuri okidi. Kitulo kuna maua mengi mazuri ambayo si okidi, nayo yanastahili jina lake. Anza hivi.

Hatua ya 1: hesabu na tazama ulinganifu. Ua la okidi lina sehemu sita za nje: tatu ni sepali na tatu ni petali. Moja ya petali imebadilika umbo ikawa tofauti na nyingine zote, inaitwa mdomo. Ukiligawa ua kwa mstari wa wima, kushoto na kulia vinafanana. Juu na chini havifanani.

Hatua ya 2: tafuta chavua. Ua la kawaida lina nyuzi zenye unga wa njano mwishoni. Okidi haina nyuzi hizo. Chavua yake imeshikana kuwa vibonge viwili vyenye gundi, vilivyojificha katikati ya ua. Mdudu akiingiza mdomo kutafuta nekta, vibonge vinamnata, naye anavibeba mpaka ua jingine. Ukimwona nondo au nyuki mwenye kitu cha njano kimebandikwa usoni, umeshuhudia uchavushaji wa okidi, jambo ambalo wapo wataalamu wanaosubiri siku nzima kuliona.

Hatua ya 3: hesabu mirija. Hapa ndipo utajiona bingwa, kwa sababu hatua hii peke yake inatenganisha jenasi tatu utakazokutana nazo zaidi. Piga goti, mahali pakavu na pasipo miche, na litazame ua kwa ubavu.

- Mirija miwili inayoning'inia nyuma ya ua, mmoja kila upande: hiyo ni Satyrium. Mdomo wake uko juu na umejikunja kuwa kofia. Okidi nyingi hujipindua zikiwa changa ili mdomo ukae chini, Satyrium haijipindui. Ukiinama na kuchungulia ndani ya kofia utaona giza dogo lenye matundu mawili, kila tundu likiongoza kwenye mrija wake wa nekta. Rangi ni nyeupe, waridi, na katika aina kama Satyrium sceptrum, chungwa.
- Mrija mmoja unaotoka kwenye kofia ya juu: hiyo ni Disa. Hapa kofia si mdomo bali ni sepali. Mdomo wenyewe ni mwembamba, uko chini, na ni rahisi kuupita bila kuuona. Disa erubescens na Disa ornithantha ni nyekundu au nyekundu ya chungwa, na katika kijani cha Januari huzikosi hata ukiwa mbali.
- Mrija mmoja unaotoka kwenye mdomo, chini, huku ua likiwa la kijani au jeupe na limepasukapasuka vipande vyembamba: hiyo ni Habenaria. Mchana utaipita. Nyingi hutoa harufu jioni kuwaita nondo, kwa hiyo ukisikia manukato giza linapoingia na huoni ua la rangi, tafuta kijani.

Hatua ya 4: tazama majani, na yatafute mbali kidogo. Hili halijulikani na wengi, nalo ndilo linaloua mimea bila kukusudia. Katika aina kadhaa za Disa na Satyrium, shina la maua halibebi majani makubwa. Majani yanatoka kwenye chipukizi lake lenyewe, kando, sentimita chache kutoka shina la ua. Mpiga picha anajitahidi asikanyage ua, anaweka goti pembeni, na goti linatua juu ya majani ya mmea uleule. Majani hayo ndiyo yanayotengeneza chakula cha kujaza kiazi cha mwakani. Kabla hujaweka mguu, tafuta majani mapana yanayong'aa katikati ya nyasi, pande zote za shina.

KISANDUKU: YANAYOFANANA LAKINI SI OKIDI
- Kniphofia: kichwa kikubwa cha mirija mingi inayoinama, nyekundu na njano, juu ya bua refu. Ni la kupendeza sana, lakini ni ukoo mwingine.
- Gladiolus: majani kama upanga, na ndani ya ua unaona nyuzi tatu za chavua. Nyuzi zikionekana, si okidi.
- Impatiens: lina mrija mmoja na humdanganya mtu, hasa kando ya vijito. Shina lake ni la majimaji, na ganda lake lililokomaa likiguswa linapasuka na kurusha mbegu.

Usijisumbue kufikia jina la spishi papo hapo. Ukiweza kusema "hii ni Satyrium nyeupe ya majimajini" umefanya vizuri. Kuna aina zinazotofautiana kwa urefu wa mrija au upana wa petali tu, na hizo zinamsumbua hata mtaalamu.

KUTEMBEA NA KUPIGA PICHA

Udongo wa mbugani ni laini wakati wa mvua. Mguu mmoja kwenye tope unaacha dimbwi. Miguu ishirini inaacha mfereji, na maji yakishapata mfereji yanakausha sehemu ambayo okidi ya majimajini iliitegemea. Uharibifu huo hauonekani siku hiyo, ndiyo maana watu wema huufanya kila mwaka.

1. Baki kwenye njia iliyopo hata kama ina matope. Usiipanue kwa kupita pembeni ili kulinda viatu.
2. Mkiona ua nje ya njia, aende mtu mmoja kwa wakati mmoja, apite alipopita wa kwanza, arudi palepale. Wengine wasubiri njiani.
3. Tumia zumu ya simu au kamera badala ya kusogea. Ukisogea, tazama majani kwanza, kama ilivyoelezwa kwenye hatua ya 4.
4. Nyasi ikikuzuia kuona, ishike kwa mkono, piga picha, iachie. Usiivunje wala kuing'oa. Nyasi hizo zinalificha ua lisionwe na ng'ombe, wachimbaji na jua kali.
5. Piga picha nne: mmea mzima na mahali ulipo, majani ya chini, ua kwa mbele, ua kwa ubavu ili mirija ionekane. Weka sarafu karibu kwenye picha moja kuonyesha ukubwa. Kwa picha hizi nne mtaalamu anaweza kukusaidia. Kwa picha moja ya ua kwa mbele, hata awe hodari vipi, mara nyingi atabahatisha.
6. Zima kipengele cha mahali kwenye kamera ya simu kabla ya kuanza. Ukiweka picha mtandaoni, andika "Kitulo" basi. Usitaje bonde, usitaje umbali kutoka daraja fulani. Wanaotafuta viazi nao wana simu.
7. Ukitaka kumbukumbu yako isaidie sayansi, iweke kwenye mtandao wa iNaturalist na uchague kuficha mahali halisi.

Kwa walimu: gawanyeni darasa katika makundi madogo na mpeni kila mtoto kazi ya kuhesabu, si ya kukusanya. Mtoto aliyepewa kazi ya "kuleta ua" atalileta. Aliyepewa kazi ya kuhesabu mirija na kuchora atakumbuka Satyrium mpaka uzeeni.

KAMA UNAISHI KARIBU

Okidi hazijui mpaka wa hifadhi. Zipo kwenye malisho ya vijiji, kwenye vipande vya nyasi kati ya mashamba ya viazi na pareto, na hata kwenye miteremko ambayo sasa inapandwa misindano. Hizi za nje hazina askari wa kuzilinda isipokuwa mwenye ardhi. Siwezi kumwambia mtu mwenye ekari mbili aache kulima. Ila kuna mambo yasiyogharimu kitu.

Kwanza, kipande cha nyasi cha majimaji ambacho hata hivyo viazi vinaozea, kiache kama kilivyo. Usikichimbie mfereji kwa matumaini ya mavuno ambayo hayaji. Pili, ukilisha mifugo hapo, izuie wakati wa maua mpaka maganda yapasuke. Baada ya hapo iingie. Tatu, usipande miti kwenye nyasi zenye maua wakati una mteremko mwingine uliokwisha kulimwa. Kivuli cha misindano kinamaliza okidi zinazotaka jua, na hazirudi miti ikikatwa. Nne, wafahamishe watoto. Mara nyingi wao ndio wanaotumwa kuchimba, na mtoto anayejua kwamba kile kiazi kigumu ndicho mmea wa mwakani anaweza kulieleza jambo hili nyumbani vizuri kuliko mimi.

Kuhusu kununua: okidi hizi hazilimwi kama viazi mviringo. Chukulia kwamba vijiazi unavyoviona sokoni vimechimbwa porini, na kwamba muuzaji anayesema "vimepandwa" hajapanda kitu. Njia ya kuzuia ni kutonunua.

MAKOSA YANAYORUDIWA

*Kuhamishia bustanini.* Hili ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu hufanywa na wapenzi wa maua. Mtu anauchimba mmea kwa uangalifu, anaupeleka Mbeya au Iringa, anaupanda kwenye kitalu, anaumwagilia. Mwaka wa kwanza unaweza hata kutoa majani, kwa kuwa kiazi kina akiba. Mwaka wa pili hautoki. Umekosa kuvu wake, umekosa baridi yake, umepata mbolea usiyoihitaji na maji wakati unapaswa kulala pakavu. Ukitaka maua ya milimani nyumbani, nunua yaliyooteshwa kwenye kitalu.

*Kuchuma maua "kwa kuwa kiazi kinabaki".* Ni kweli kiazi kinabaki, lakini umekata mbegu zote za mwaka huo, na mara nyingi umekata na majani. Tena shina likivutwa badala ya kukatwa, kiazi nacho hutoka.

*Kuchukua maganda ya mbegu.* Mbegu hazitaota bila kuvu wake. Utakuwa umeweka vumbi kwenye bahasha.

*Kudhani kwamba zikiwa nyingi leo, ni nyingi.* Mimea yote unayoiona bondeni inaweza kuwa ya miaka mingi, bila mche hata mmoja mchanga kati yake. Wingi wa maua hauonyeshi kwamba kuna vijana wanaofuata.

*Kuwasha moto kusafisha njia.* Kiazi hustahimili moto wa kiangazi wakati mmea umelala. Moto unaowashwa mvua zimeanza na chipukizi limeshatoka unaunguza majani, na kiazi hakijazwi.

ORODHA YA KUKAGUA KABLA YA KUTOKA
☐ Malipo na hali ya barabara vimethibitishwa
☐ Mabuti, sweta, koti la mvua, soksi za kubadili
☐ Kikuzaji, darubini, daftari na penseli (kalamu ya wino haipendi mvua)
☐ Mahali pamezimwa kwenye kamera ya simu
☐ Namba ya ofisi ya hifadhi imeandikwa kwenye karatasi, si kwenye simu tu
☐ Kila mtu kwenye kundi anajua: njia moja, hakuna kuchuma
☐ Mmekubaliana saa ya kurudi kabla ya mvua za mchana

UKIKUTA UCHIMBAJI

Utaujua kwa vishimo vidogo vingi vilivyo karibu karibu, majani na mashina yaliyotupwa pembeni, na vile viazi vilivyosinyaa ambavyo mchimbaji ameviacha.

1. Usimfuate mtu aliye na jembe na gunia, wala usimpige picha usoni. Huenda ni mama mwenye shida anayepata hela kidogo, huenda yuko na wenzake. Hiyo si kazi yako.
2. Andika mahali, siku, saa na makadirio ya ukubwa wa eneo. Piga picha mashimo.
3. Ndani ya hifadhi, toa taarifa kwa askari wa TANAPA. Nje ya hifadhi, nenda kwa mwenyekiti wa kijiji au ofisi ya maliasili ya wilaya. Ukiona magunia yanapakiwa, andika namba ya gari tu.
4. Ndani ya hifadhi, usiguse chochote. Vilivyobaki ni ushahidi, na askari ndiye ataamua.
5. Kwenye ardhi ya kijiji au shambani kwako, baada ya kutoa taarifa na kuruhusiwa, tazama kama kuna mmea uliotupwa ukiwa bado na kiazi kigumu kisichokatwa. Urudishe siku hiyohiyo kwenye shimo lilelile, kwa kina kilekile, kichipukizi kikitazama juu. Jaza udongo uleule uliotoka shimoni, kwa kuwa ndio wenye kuvu, ushindilie kidogo kwa kiganja na urudishie pande la nyasi juu. Usiweke mbolea, na kama mvua zinanyesha usiongeze maji.